Sura ya 4: Utando Unaobeba Mzigo

Mwaka 1883 mhandisi Beauchamp Tower alikuwa akizifanyia majaribio beringi za ekseli za treni, kazi aliyopewa na Taasisi ya Wahandisi wa Mitambo ya Uingereza. Beringi iliikalia ekseli kwa juu, na upande wa chini wa ekseli ukizunguka ndani ya mafuta. Tower alitoboa tundu juu ya beringi ili atilie mafuta. Ekseli ilipozunguka, mafuta yakapanda na kumwagika kupitia tundu hilohilo. Akaliziba kwa kizibo, kikasukumwa nje. Akagongomea kipande cha mti, nacho kikatoka. Mwishowe akafunga kipimo cha shinikizo chenye kikomo cha pauni 200 kwa inchi ya mraba. Mshale ukapita kikomo, ilhali mzigo wa beringi ulikuwa wastani wa pauni 100 tu kwa inchi ya mraba.

Mafuta, kumbe, hayafanyi kazi kwa utelezi wake pekee. Yanaunyanyua mzigo ili chuma kisikutane na chuma.

Chuma kikavu kina taabu yake. Hata kikisuguliwa kikang'aa, uso wake una vilima na mabonde yasiyoonekana kwa macho. Vipande viwili vikilaliana, hugusana kwenye ncha za vilima tu. Uzito wote huelemea hapo. Ncha hubonyea na kushikana, kama ilivyoelezwa na watafiti Bowden na Tabor wa Cambridge katikati ya karne ya 20. Nguvu inayotumika kuziachanisha ndiyo sehemu kubwa ya msuguano, na chembe zinazong'oka ndizo uchakavu.

Mwaka 1886 mhandisi Osborne Reynolds alieleza kwa hesabu jinsi mafuta yanavyozuia hayo. Ekseli haikai katikati ya beringi. Huegemea upande mmoja, hivyo nafasi iliyopo huanza pana ikaishia nyembamba. Ekseli ikizunguka huyakokota mafuta kuelekea kwenye wembamba huo. Kwa kuwa yana mnato, hayawezi kuponyoka upesi. Shinikizo hupanda na ekseli huelea. Tairi la gari linalokimbia kwenye maji yaliyotuama barabarani hunyanyuka vivyo hivyo.

Katika injini ya gari utando huo wa mafuta huwa na unene wa mikroni chache tu, mwembamba kuliko unywele. Huundwa na mzunguko wenyewe. Pampu ya oili huleta mafuta tu. Ndiyo maana dakika ya kuwasha injini ni ya hatari: mzunguko ni wa polepole na utando haujajengeka. Hapo injini huokolewa na viongezo vilivyomo ndani ya oili, hasa vyenye zinki na fosforasi, ambavyo hujenga tabaka la kinga juu ya chuma.

Kwa sababu hiyo mnato hauchaguliwi kwa kubahatisha. Oili nyepesi kupita kiasi hushindwa kubeba mzigo. Nzito kupita kiasi hula nguvu ya injini na huchelewa kufika kwenye beringi. Mtengenezaji hutaja daraja la oili akijua ukubwa wa nafasi, mzigo na mwendo wa kila beringi. Na taa nyekundu ya oili ikiwaka safarini, simama na uzime injini papo hapo. Oili isipofika, hakuna utando, na beringi inaweza kuungua kabla hujafika gereji.