Runinga mpya Kainuk, diski za zamani

Anayeingia Turkana kwa barabara ya kutoka Kitale hupokewa kwanza na Kainuk. Bwawa la Turkwel haliko mbali na hapo. Mitambo yake ya megawati 106 ilianza kuzalisha umeme mwaka 1991, lakini umeme huo ulivutwa kwa nyaya hadi Lessos ukaingia gridi ya taifa, na boma nyingi jirani na bwawa zikabaki gizani. Ndiyo maana hadi leo, katika nyumba nyingi za eneo hili, runinga huwashwa kwa paneli ya sola na betri.

Chini ya runinga hiyo bapa, mara nyingi utaikuta deki ya DVD ya bei nafuu. Bando la intaneti likiisha sinema hukatika, lakini diski haimdai mtu bando. Kuna filamu za mapigano zilizosimuliwa kwa Kiswahili na DJ Afro, kuna kanda za injili, na kuna zile diski zisizouzwa popote: harusi ya dada, mazishi ya babu, sherehe ya kuhitimu. Kwa ajili ya hizo, mtu huuza mbuzi akanunua deki mpya yenye kartoni iliyoandikwa kwa herufi kubwa "1080p", akitumaini picha itang'aa kama ya mechi za dikodani. Fedha hiyo ni ya jasho, na mnunuzi anastahili kuelezwa kinagaubaga anachonunua.

Tuanze na hesabu. Diski ya DVD ya mfumo wa PAL, unaotumika Kenya, hubeba picha ya nukta 720 kwa 576, yaani nukta 414,720. Skrini ya Full HD ina 1920 kwa 1080, ambazo ni nukta 2,073,600. Hiyo ni mara tano kamili. Kwa hiyo, kati ya kila nukta tano zinazowaka mbele yako, ni kama moja tu iliyotoka kwenye diski; nne zimekisiwa na mashine kwa kuangalia nukta jirani. Kwenye skrini ya 4K, zinazokisiwa ni kumi na tisa kati ya ishirini. Maziwa ya kikombe kimoja ukiyatia maji hadi yajaze jagi, jagi litajaa, lakini maziwa hayajaongezeka. Picha iliyokuzwa hulainika kingo, lakini namba ya gari isiyosomeka kwenye diski haitasomeka kwenye runinga yoyote. Diski za VCD, ambazo bado zinazunguka mitaani, ni hafifu zaidi: nukta 352 kwa 288 tu.

Isitoshe, runinga yenyewe hukuza picha. Haina budi, kwa sababu idadi ya nukta za kioo chake haibadiliki, na kila picha ndogo inayoingia lazima itandazwe ikijaze. Basi deki ya "1080p" inaongeza nini? Jibu langu ni kwamba faida yake kubwa iko kwenye kebo. Waya wa njano, ule unaokwenda sambamba na mwekundu na mweupe wa sauti, husukuma rangi na mwanga katika mkondo mmoja, kisha runinga huhangaika kuvitenganisha. Ndipo nyekundu inapovuja nje ya nguo na kingo za maandishi zinapotetemeka. Kebo ya HDMI hupeleka picha kwa tarakimu bila mchanganyiko huo. Tena picha iliyokuzwa na deki hutoka kupitia HDMI peke yake. Aliyenunua deki hiyo kisha akaiunganisha kwa waya wa njano hajapata hata chembe ya kile kilichoandikwa kwenye kartoni. Akiwa na shilingi chache za ziada, azitumie kwa kebo ya HDMI ya kawaida. Asilipie zaidi kwa sababu ya neno "4K" ubavuni mwa deki.

Jambo jingine wauzaji hulipita kimya. Runinga nyingi za inchi 32 zilizoandikwa "HD" zina nukta 1366 kwa 768, hazifiki Full HD. Deki ikituma 1080p, picha hukuzwa mara moja, kisha runinga huipunguza tena, na kila hatua hula ukali kidogo. Ingia kwenye menyu ya deki, jaribu 576p, kisha 720p, kisha 1080p, kwa tukio lile lile. Chagua kwa macho yako, usichague kwa ukubwa wa namba.

Kipimo kizuri kuliko vyote ni video ya edonga, ngoma ya kuruka ya Waturkana. Picha nyingi za DVD zilizopigwa kwa kamera za video huhifadhiwa kwa mistari ya kupokezana: ile ya witiri na ile ya shufwa, nusu mbili zilizonaswa kwa nyakati tofauti. Mchezaji anaporuka, nusu ya kwanza humkuta chini kidogo, na ya pili humkuta ameshapaa. Mashine isiyojua kuziunganisha vizuri humwonyesha akiwa na miguu maradufu, na mkono unaopungwa kando hutoka meno kama ya kitana. Hapa deki na runinga hutofautiana sana, na mara nyingine runinga huifanya kazi hii vizuri kuliko deki. Ukiwa na uhuru wa kuchagua, iache deki itume 576i, yaani mistari hiyo bila kuunganishwa, na uone runinga itafanya nini.

Halafu kuna umbo. Harusi iliyopigwa kwa kamera ya zamani ni 4:3. Ukiitandaza ijaze skrini pana, bibi harusi hunenepa na kuonekana mfupi. Acha zile pande mbili nyeusi zibaki, na upunguze kile kipimo cha ukali wa picha, maana huchonga hata chenga.

Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992, kuna shida yake ya pekee. Maelfu ya vijana wa Sudan waliokuwa kambini humo walihamia Marekani mnamo 2000 na 2001, na ndugu walioko huko wakituma diski ya duka, huwa ni ya kanda ya 1 katika mgawanyo wa DVD duniani, ilhali Kenya iko kanda ya 5. Deki iliyofungwa kwa kanda moja itaikataa. Diski ya harusi iliyochomwa nyumbani haina kizuizi hicho, ila ni ya NTSC, mfumo wa Marekani. Weka mfumo wa deki kwenye "Auto", maana ukiilazimisha PAL, mwendo wa watu utakuwa wa kushtukashtuka.

Vumbi na joto ndivyo maadui wa kweli wa deki huku. Lodwar mchana hupita nyuzi 35 mara kwa mara, na lenzi ya leza yenye vumbi hukwama hata diski ikiwa safi. Usiiweke deki juu ya dikoda, wala usiifunike kitambaa ikiwa inawaka. Diski za kuchoma nazo hutegemea rangi maalumu inayofifia kwa joto na mwanga, kwa hiyo zile za familia zinakiliwe kwenye flashi mbili mapema, moja ikae nyumbani na nyingine kwa ndugu aliye mbali.