Nani Abebe, Nani Abebwe? Sayansi ya Kumchagua Kiongozi wa Timu ya Baiskeli

Mwishoni mwa Agosti 2011, kijana mmoja mzaliwa wa Nairobi aliamka akiwa anaongoza moja ya mbio tatu kubwa za baiskeli duniani, halafu akaenda kumfanyia kazi mtu mwingine. Ni Chris Froome. Mbio zenyewe ni Vuelta a España, wiki tatu za kuzunguka Uhispania. Siku mbili kabla, katika mbio dhidi ya saa pale Salamanca, ambapo kila mtu anakimbia peke yake, alikuwa amemshinda hata Bradley Wiggins, kiongozi wa timu yake ya Sky. Akavishwa jezi nyekundu. Barabara ilipoanza kupanda mlima, timu ikamweka mbele avute na Wiggins akae nyuma yake. Froome akaishiwa, akaachwa, na jezi ikahamia kwa Wiggins.

Mbio zilipofika Madrid, Froome alikuwa wa pili. Baada ya zaidi ya saa 80 barabarani, alizidiwa na Mhispania Juan José Cobo kwa sekunde 13.

Sasa utauliza: kwani huu si mchezo wa mtu mmoja mmoja? Mshindi si ni mmoja? Kwa nini asiachiwe kila mtu apambane na hali yake?

Jibu linaanzia kwenye hewa. Nguvu unayohitaji kuipasua hewa hupanda kwa mchemraba wa mwendo wako. Ukitoka kilomita 40 kwa saa kwenda 44, mwendo umeongezeka kwa asilimia 10 tu, lakini nguvu ya kupambana na hewa imeongezeka kwa asilimia 33. Piga hesabu mwenyewe: 1.1 mara 1.1 mara 1.1. Ila ukijificha nyuma ya mwenzako, yeye ndiye anayeilipa sehemu kubwa ya hiyo gharama. Mwaka 2018 Bert Blocken na wenzake walichapisha utafiti wa msafara wa waendeshaji 121, na wakaonyesha kwamba katikati ya msafara ukinzani wa hewa unaweza kushuka hadi asilimia 5 mpaka 10 ya ule unaompata mtu aliye peke yake. Yaani unasafiri kwa mwendo wa pikipiki mjini huku miguu ikifanya kazi ya matembezi.

Kwa hiyo timu ni kama kibubu cha nishati. Wakati ule kila timu ilikuwa na watu 9 (siku hizi ni 8), na nishati yao inaweza kuhamishiwa kwa mtu mmoja: wanamkinga upepo, wanamletea maji, wakati mwingine wanampa hata gurudumu lao akipata pancha. Ukiigawa kwa viongozi watatu, kila mmoja anapata kidogo. Movistar walijaribu hivyo kwenye Tour de France ya 2018 wakiwa na Landa, Quintana na Valverde, majina makubwa yote. Walimaliza wa 7, wa 10 na wa 14.

Haya, mmoja ni lazima. Lakini yupi? Hapa ndipo mambo yanapokuwa matamu, maana swali la “nani ana nguvu zaidi” halina jibu moja.

Chukua mwendeshaji ambaye yeye na baiskeli yake wana kilo 78. Kwenye tambarare, akiwa peke yake kwa kilomita 45 kwa saa, anatumia takriban wati 400 kuisukuma hewa tu. Uzito wake karibu hauna maana. Mpeleke sasa kwenye mwinuko wa asilimia 8, akipanda kwa kilomita 20 kwa saa: hewa inadai wati kama 35, lakini mvutano wa dunia unadai kama 340. Kwenye tambarare anayeshinda ni mwenye wati nyingi na mwili unaojikunja vizuri mbele ya upepo. Mlimani anashinda mwenye wati nyingi kwa kila kilo. Hao wanaweza kuwa watu wawili tofauti. Isitoshe, mlimani kujificha nyuma ya mwenzako kunasaidia kidogo tu, kwa hiyo kiongozi akiwa dhaifu pale, wasaidizi hawawezi kumficha kwa muda mrefu.

Ndiyo maana mkurugenzi wa timu huanza na ramani kabla ya kutazama majina. Tour de France ya 2012 ilikuwa na takriban kilomita 100 za mbio dhidi ya saa. Sky wakamchagua tena Wiggins, bingwa wa Olimpiki wa uwanjani, na Froome akawa msaidizi. Watu wengi wanakumbuka siku ya La Toussuire: Froome anachomoka mlimani, Wiggins anabaki, amri inakuja kwenye redio, Froome anapunguza mwendo na kumsubiri. Mpaka leo kuna wanaosema kijana alidhulumiwa.

Hebu tuangalie hesabu. Wiggins alishinda, Froome wa pili, pengo dakika 3 na sekunde 21, yaani sekunde 201. Sekunde 85 Froome alizipoteza siku ya kwanza baada ya utangulizi, kwa sababu ya pancha. Mbio mbili ndefu dhidi ya saa zilimgharimu 35 na 76. Jumla 196. Milimani kwenyewe ni yeye aliyempunguzia Wiggins, ila sekunde chache mno. Angeachiwa angepata ngapi? Nyingi zaidi, bila shaka. Lakini kwa ramani ile, mimi ningemchagua Wiggins pia. Mwaka 2013 kilomita za saa zilipungua, Froome akapewa uongozi, akashinda.

Uamuzi wa 2011 ndio mgumu zaidi. Wiggins alikuwa na rekodi ya kuingia nafasi za juu kwenye Tour ya 2009. Froome hakuwa na kitu cha namna hiyo. Mwishoni mwa 2010 alikuwa amegundulika kuwa na kichocho, ugonjwa wetu huu wa maji ya mito na maziwa, na matokeo yake yalikuwa yanapanda na kushuka. Ushahidi mpya ulikuwa mbio moja ya Salamanca. Ukisoma takwimu unalijua swali hili: taarifa ya siku moja ibadilishe kiasi gani imani uliyoijenga kwa miaka? Timu iliibadilisha polepole. Kwenye mlima mkali wa Angliru, siku ya 15, Froome bado alikuwa anamvuta Wiggins huku Cobo akitokomea mbele. Alipoachiwa hatimaye, siku ya 17, alimshinda Cobo kileleni Peña Cabarga. Umechelewa mno. Mwaka 2019 Cobo alivuliwa ushindi kwa kosa la dawa na Froome akatangazwa mshindi, miaka minane baada ya jukwaa kubomolewa.

Angliru ilirudi 2023. Safari hii jezi nyekundu ilikuwa kwa Sepp Kuss, msaidizi aliyekuwa amewavuta Primož Roglič hadi ushindi wa Italia na Jonas Vingegaard hadi ushindi wa Ufaransa mwaka huo huo. Hao wawili, wa timu yake mwenyewe ya Jumbo-Visma, walimwacha mlimani. Alibakiwa na uongozi wa sekunde 8. Baada ya hapo timu ikaamua: tunamlinda Kuss. Akashinda Vuelta kwa sekunde 17, Vingegaard wa pili, Roglič wa tatu.