Vidonge Vyote, Mfuko Mmoja

Ukishuka basi Rhotia wakati wa likizo, hata chai hujamaliza, utaulizwa: "Wewe si unasoma mambo ya dawa? Hiki kidonge ni cha nini?" Likizo iliyopita nilijibu haraka: "Hicho cha sukari, Bibi." Sikuuliza zaidi. Nilikosea.

Kidonge chenyewe kilikuwa metfomini. Dawa hii mwili hauivunjivunji: unameza metfomini, unakojoa metfomini. Tena inapenda maji, wakati utando wa seli ni wa mafuta, kwa hiyo haipenyi kirahisi. Inapitishwa na protini za kusafirisha zilizopachikwa kwenye utando huo. Fikiria lango la Lodoare pale Ngorongoro: gari lako liwe na nguvu namna gani, geti lisipofunguliwa hupiti.

Kwenye ini, protini iitwayo OCT1 huingiza metfomini ndani ya seli, ikapunguze sukari inayotengenezwa humo. Kwenye figo, OCT2 huivuta kutoka kwenye damu, kisha MATE1 huimwaga kwenye mkojo.

Sasa njoo kwa dolutegraviri, dawa ya kufubaza VVU ambayo Tanzania ilianza kuisambaza kwa wingi mwaka 2019. Ni dawa nzuri sana. Ila inaziba OCT2 na MATE1. Foleni inaanza, metfomini inabaki kwenye damu. Watu wenye afya walipopimwa wakitumia dolutegraviri miligramu 50 kwa siku, kiasi cha metfomini mwilini kilipanda kwa asilimia 79. Ndiyo maana anayetumia zote mbili hushauriwa metfomini isizidi miligramu 1,000 kwa siku. Ikizidi, tumbo huvurugika. Na kama figo ni dhaifu, asidi inaweza kujaa kwenye damu, na hiyo huua.

Dawa hizi zinaweza kutumika pamoja bila shida, mradi mtoa dawa ajue. Shida ni kwamba mtu ana kliniki mbili na kadi mbili, na kadi moja anaificha kwa kuogopa maneno ya majirani.

Basi likizo hii usimhoji mtu siri yake mbele ya ukoo mzima. Wala usimwambie aache dawa yoyote. Mwambie hivi tu: "Bibi, ukienda kliniki, weka vidonge vyako vyote kwenye mfuko mmoja, umwonyeshe daktari mkiwa wawili tu." Mimi nitaanza na wa kwetu.