Baraza Kwanza, Maduka Baadaye
Huwakumbusha wanafunzi wangu wa isimu kwamba "baraza" ni kiti cha mawe nje ya nyumba za Waswahili, na pia ni mkutano. Kikao kimezaa mazungumzo. Wasanifu majengo wa Nakuru, mji uliopandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2021, wangelitafakari neno hili. Maduka ya kale ya Wahindi yalikuwa na veranda. Fundi cherehani akishona, wapita njia wakijikinga mvua. Majengo ya biashara ya siku hizi aghalabu huyapa magari mlango, umma ukapewa ukuta. Jengo lolote litakalopakana na Bustani ya Nyayo na lifunguke upande wa bustani: veranda pana, wachuuzi wapewe nafasi, na viti ambavyo mwanafunzi asiye na shilingi ataketi bila kuulizwa anunua nini.