Je, Wajua? Leptopu ya Moi Avenue na Seva ya Westlands ni Ndugu wa Baba Mmoja

Leptopu ya mtumba iliyonunuliwa Moi Avenue na seva isiyo na skrini katika ofisi ya Westlands zinaweza kuendeshwa na mfumo mmoja: Ubuntu. Ulitoka Oktoba 2004 kwa fedha za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ukajengwa juu ya Debian, mfumo wa Linux ulioanzishwa 1993.

Toleo la mezani na toleo la seva huchota programu kutoka ghala moja. La mezani hukuwekea madirisha, kivinjari na sauti. La seva hukuachia maandishi matupu. Ukitaka, paketi moja tu, ubuntu-desktop, huigeuza seva kuwa kompyuta ya kawaida. Ni kama chesisi ya Isuzu: fundi wa bodi ndiye anayeamua kama itabeba abiria wa Kawangware au kabeji.

Zamani hata kerneli, yaani kiini cha mfumo, zilikuwa mbili. Ya seva ilipiga mapigo 100 kwa sekunde, ya mezani 250. Kila pigo ni nafasi ya kusimamisha kazi moja ili nyingine ipite. Mapigo mengi hufanya kipanya kiitikie upesi, ila hula muda wa prosesa, na seva haina kipanya cha kubembeleza. Toleo la 12.04, mwaka 2012, likaziunganisha; tofauti ilikuwa imebaki ndogo mno kustahili kazi ya kutunza kerneli mbili.

Faida ya leptopu na seva kutumia mfumo mmoja Wakenya waliionja mapema. Programu ya Ushahidi, ya kuweka ripoti za wananchi kwenye ramani, iliyozaliwa Januari 2008 katikati ya ghasia za baada ya uchaguzi, iliandikwa kwa lugha ya PHP. Aliyetaka kuijaribu aliweza kusimika Apache na MySQL, programu za kuendesha tovuti na hifadhidata yake, kwenye leptopu ya Ubuntu, kisha akahamishia kazi ile ile kwenye seva. Vijana waliojazana iHub, kituo cha wanateknolojia cha Ngong Road, kuanzia 2010 waliweza kufanya kazi kwa mtindo huohuo.

OpenWrt, kwa upande mwingine, nayo ni Linux, lakini imekondeshwa ienee ndani ya kisanduku cha Wi-Fi. Usiitarajie ikuandikie barua.

Nayo leptopu iliyopasuka kioo isitupwe. Ikiwekewa toleo la seva itatunza faili za ofisi nzima, na stima ikipotea, betri yake itaishikilia kwa muda.