Ufuaji wa Nguo katika Familia Kubwa: Maji, Zamu na Mikono Mingi Upareni

Ufuaji wa nguo ni kazi ya nyumbani isiyo na mwisho, kwa kuwa nguo iliyofuliwa Jumatatu huvaliwa na kuchafuka kabla ya wiki kwisha, na katika familia kubwa mzigo huo aghalabu humwangukia mtu mmoja, ambaye ni mama au binti mkubwa. Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba kaya ya Tanzania ina wastani wa watu 4.3, lakini nyuma ya wastani huo zimo kaya nyingi ambamo bibi, wazazi, watoto na mpwa aliyekuja kusoma huishi chini ya paa moja. Makala haya yanaeleza jinsi kaya ya namna hiyo, katika wilaya ya Same na Milima ya Upare kwa jumla, inavyoweza kufua kwa wepesi na kwa moyo mkunjufu, na hoja yake kuu ni kwamba Wapare tayari wanao utaratibu wa kushughulikia kazi kubwa kwa maji kidogo, yaani ndiva, bwawa dogo la kukusanyia maji, na msaragambo, kazi ya pamoja, ambao ukiingizwa uani utaipunguza kazi hii kwa kiasi kikubwa.

Mlima na tambarare

Milima ya Upare ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, na kilele chake cha juu, Shengena, kilichomo katika msitu wa Chome, hufikia takribani mita 2,460 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Same, ulio kwenye barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha, umekaa chini ya mita 1,000, katika upande wa magharibi ambao milima huukingia mvua, na ndiyo maana tambarare hiyo ni kame wakati vijiji vya juu vina vijito, migomba na ukungu. Tofauti hiyo ya umbali mfupi huamua karibu kila jambo linalohusu kufua, kuanzia aina ya maji hadi muda wa kukausha.

Maji ya vijito vya mlimani kwa kawaida ni maji laini, yaani maji yenye madini machache yaliyoyeyuka, na sabuni hutoa povu ndani yake bila taabu. Visima virefu vya tambarare, kwa upande mwingine, mara nyingi hutoa maji yenye chumvichumvi na yaliyo magumu, yaani yenye kalisi na magnesi nyingi. Madini hayo hushikana na sabuni ya mche na kuigeuza kuwa utando wa kijivu unaoelea juu ya maji na kung'ang'ania nyuzi za nguo, kiasi kwamba mfuaji huongeza sabuni tena na tena, ilhali shati jeupe la mwanafunzi huzidi kufifia. Dawa yake ni kuyalainisha maji kwanza kwa kuyeyusha magadi kidogo kabla ya kutia sabuni, au kutumia sabuni ya unga, ambayo kwa kawaida imetengenezwa ili isishindwe na madini hayo kwa urahisi. Maji ya mvua, ambayo hayajapita ardhini, ni laini kuliko yote, hivyo familia yenye paa la bati, mfereji wa kukingia na tangi hupata msimu mzima wa kufua kwa sabuni kidogo. Kwa wakazi wa mjini, mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, unaochukua maji katika Bwawa la Nyumba ya Mungu na kuzinduliwa mwaka 2025, umefungua njia nyingine ya kupata maji, ingawa bomba lililo karibu haliondoi haja ya kuyatumia maji kwa hesabu.

Kukausha nako kuna masharti yake. Kule Same jua na upepo hukausha kanga kwa muda mfupi, lakini jua hilohilo hupausha rangi na upepo huleta vumbi jekundu, kwa hiyo nguo za rangi hugeuzwa ndani nje, huanikwa asubuhi na kuanuliwa mara zinapokauka. Mlimani, hasa kati ya Juni na Agosti, baridi na ukungu huweza kuifanya suruali nzito ikae kambani siku mbili, na nguo isiyokauka vizuri huanza kunuka uvundo, hivyo ni busara kufua mafungu madogo mara kwa mara, kuyaanika chini ya upenu wenye upepo, na kuyaacha mablanketi yasubiri siku za jua la kutosha. Nguo haipaswi kuanikwa chini kwenye udongo wenye unyevu, kwa kuwa wapo nzi wanaotaga mayai hapo na katika nguo mbichi, na funza wao huingia katika ngozi ya mvaaji. Joto la pasi, iwe ya mkaa au ya umeme, huyaua mayai hayo.

Hesabu ya nguo na maji

Familia ya watu 9, ambao kila mmoja huchafua nguo 3 kwa siku, hukusanya nguo 27 kwa siku na 189 kwa wiki, bila kuhesabu mashuka, taulo na nepi. Ikiwa beseni lenye lita 15 za maji huchukua nguo 15 kwa mara moja, nguo hizo zitakuwa mafungu 13, na kwa kuwa kila fungu huhitaji maji mara tatu, yaani ya kufulia, ya kusuuzia mara ya kwanza na ya kusuuzia mara ya pili, fungu moja litatumia lita 45 na mafungu yote lita 585. Hizo ni zaidi ya ndoo 29 za lita 20, ambazo kila moja ina uzito wa kilo 20 za maji, na mahali ambapo maji hutekwa mbali kwa kichwa au kwa baiskeli, uchovu wa kufua huanza kabla ya nguo ya kwanza kuloweshwa.

Hapo ndipo ndiva inapotoa somo. Ndiva ni bwawa dogo la asili ya Wapare, linalojengwa mlimani ili kukusanya maji ya kijito usiku, na asubuhi hufunguliwa yaende mashambani kwa mifereji, kila mkulima akipata zamu yake. Ndiva ya Manoo katika kijiji cha Bangalala ni mojawapo ya zinazojulikana sana. Sababu ya kujengwa kwake ni kwamba kijito chembamba kikiachwa kitiririke peke yake hunywewa na ardhi kabla ya kulifikia shamba la mbali, lakini maji yaleyale yakikusanywa na kuachiliwa kwa pamoja hupata nguvu ya kufika. Kazi ya kuchimba na kusafisha ndiva na mifereji hufanywa kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ambayo kila kaya ya eneo hupeleka mtu wake.

Familia inayofuata kanuni hiyo hujaza mapipa na madumu jioni ya kuamkia siku ya kufua, huchambua nguo na kuloweka zile chafu zaidi usiku, kisha asubuhi huanza na kila kitu kikiwa tayari. Maji nayo hupewa zamu. Mabeseni matatu hupangwa mstari mmoja, na fungu la kwanza linapokwisha, maji machafu ya kufulia humwagwa, maji ya suuza ya kwanza hutiwa sabuni na kuwa maji ya kufulia, maji ya suuza ya pili huwa ya kwanza, na maji mapya huingia katika beseni la mwisho peke yake. Kwa mpango huo fungu la kwanza hutumia lita 45 na kila moja ya mafungu 12 yanayofuata hutumia lita 15 tu, hivyo jumla hushuka kutoka lita 585 hadi 225, ambayo ni kuokoa ndoo 18 katika wiki moja, hata kama moja au mbili zitarudi kufidia maji yanayotoka na nguo zinapokamuliwa.

Mpango huu hufaulu ikiwa mfuatano wa mafungu unaheshimiwa: nguo nyeupe hutangulia, hufuata za rangi nyepesi, kisha za rangi nzito, na mwisho nguo za shambani zenye udongo. Nguo mpya zinazochuja rangi, kama baadhi ya vitenge, hufuliwa peke yake kwa mara chache za mwanzo, na nepi za mtoto pamoja na nguo za mgonjwa huwa na beseni lao na maji yao.

Mahali pa kufulia

Wapo wanaoona ni rahisi zaidi kuzipeleka nguo mtoni, lakini njia hiyo ina gharama ambayo hulipwa na wengine. Povu linalomwagwa kijitoni huwafikia walio chini wanaochota maji ya kunywa, na katika milima ambayo kijiji kimoja huishi juu ya kingine jambo hilo linagusa ujirani moja kwa moja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda eneo la mita 60 kutoka ukingo wa mto au bwawa dhidi ya shughuli zinazoweza kuyadhuru, na ingawa mama mwenye beseni moja si mharibifu wa mazingira, kuchota maji na kufulia mbali na ukingo ni desturi inayofaa kujengwa. Aidha, kusimama kwa muda katika maji yanayokwenda polepole huweza kumwambukiza mtu kichocho, ugonjwa unaoletwa na vimelea wanaokua ndani ya konokono wa majini. Maji ya mwisho ya suuza, ambayo hayana sabuni nyingi, yanaweza kusafishia sakafu au choo, na kwa njia hiyo yakamaliza zamu yake nyumbani.

Siku ya kufua

Kila familia hupanga siku yake, na Upareni siku hiyo hufuata pia imani ya nyumba. Waadventista Wasabato, ambao kanisa lao lilianza Tanzania katika eneo hilihili la Upare mwaka 1903, huianza Sabato Ijumaa jua linapozama, kwa hiyo nguo za ibada lazima ziwe zimefuliwa, zimepigwa pasi na kutundikwa kabla ya jioni hiyo, na familia yenye busara hufua Jumatano au Alhamisi ili Ijumaa, iliyo siku ya maandalizi, ibaki na pasi na mapishi. Walutheri na Wakatoliki wengi huitumia Jumamosi, siku ambayo watoto hawako shuleni, na kwa Waislamu kanzu ya Ijumaa hutakiwa kuwa tayari Alhamisi. Kwa nyumba zote, sare za shule ndizo zenye haraka zaidi, na mtoto mwenye sare mbili hufua moja katikati ya wiki na kuuondoa msongamano wa mwisho wa juma.

Chakula cha siku hiyo nacho kina nafasi yake. Makande, yaani mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja, ambayo ni chakula kinachopendwa sana na Wapare, hukaa jikoni saa kadhaa yakihitaji kuongezewa maji na kuni tu, hivyo hayamwondoi mfuaji kwenye beseni. Akina mama wa New Orleans, nchini Marekani, waligundua jambo hilohilo, kwani maharage mekundu kwa wali yalikuwa mlo wa Jumatatu, siku yao ya kufua.

Madoa na vitu vya pekee

Doa hushindwa kwa urahisi zaidi likiwa bichi, isipokuwa tope, ambalo huachwa likauke, likapukutwa kwa brashi, ndipo nguo iloweshwe. Damu na maziwa huondolewa kwa maji baridi, kwa sababu maji ya moto huigandisha protini yake ndani ya uzi. Mafuta hupakwa sabuni ya mche moja kwa moja na kuachwa kidogo kabla ya kufikichwa. Utomvu wa migomba ukishakauka ni vigumu mno kutoka, hivyo anayekata mkungu anapaswa kuvaa nguo iliyotengwa kwa kazi hiyo. Jiki, yaani dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe, haichanganywi kamwe na siki wala dawa za kusafishia choo, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu. Chandarua chenye dawa ya muda mrefu hakistahili kufuliwa kila wiki: hutengenezwa kustahimili ufuaji wa takribani mara 20, kwa hiyo mara moja katika miezi mitatu inatosha, kwa sabuni ya kawaida isiyo kali, bila jiki, na huanikwa kivulini ili jua lisiidhoofishe dawa.

Msaragambo wa uani

Nguvu kubwa kuliko zote ni mikono. Mtoto wa miaka 6 au 7 anaweza kufua soksi zake na kukabidhi vibanio. Wa miaka 10 anaweza kufua sare yake, jambo litakalomfaa atakapokwenda shule ya bweni. Vijana wawili hukamua blanketi kwa kulishika huku na huku na kulisokota. Bibi, akiwa ameketi, hukunja nguo na kuzipanga kwa mwenyewe. Mgawanyo huo hautofautishi wavulana na wasichana, kwa kuwa msaragambo wa mfereji huita kaya zote zinazonufaika na maji, na nguo za nyumba huvaliwa na wote. Zamu zikibadilika kila wiki hakuna anayebaki daima kwenye beseni la sabuni, na nyimbo za kwaya, ambazo vijana wengi huzijua kwa sauti zote nne, huipa kazi mwendo na kuifanya asubuhi ipite upesi.

Familia inayotaka kuanza inaweza kufanya mambo matatu wiki hii: kuweka vikapu viwili ili nguo nyeupe na za rangi zitenganishwe tangu zinapovuliwa, kupanga mabeseni matatu kwa zamu ya maji, na kuandika majina ya wote, baba akiwemo, katika ratiba iliyobandikwa ukutani. Kwa nyumba ambayo tayari ina mabeseni, mambo hayo hayagharimu zaidi ya vikapu viwili na karatasi moja, na humwezesha mama aliyekuwa akifua peke yake tangu asubuhi hadi alasiri kuikalia meza ya mchana pamoja na watoto wake, kazi ikiwa imekwisha.