Masizi ya Dizeli na Ujira wa Fundi wa Kianda

Miongoni mwa kazi zilizozaliwa Nairobi na magari makuukuu yatokayo Japani, iko moja isiyo na bango wala duka, ambayo mapato yake aghalabu hayaandikwi katika daftari ya mtu yeyote, nayo ni kazi ya kukwangua masizi yaliyogandamana katika njia ziurudishazo moshi wa injini ndani ya injini yenyewe. Mafundi wa jua kali wa Kianda, upande wa magharibi wa Kibera jirani na Olympic, na wenzao wa Kawangware, huitwa kuifanya kila matatu ya dizeli inapopanda mlima kwa kukokota, au inapofuka moshi mweusi hata abiria wa nyuma wakafunga madirisha.

Mtambo huo wa kuurudisha moshi, ambao mafundi huutaja kwa herufi zake tu, EGR, ulianza kutiwa katika magari ya Marekani mapema katika miaka ya 1970, na hekima yake ni kwamba moshi uliokwisha kuungua, kwa kuwa una oksijeni haba, ukichanganywa na hewa safi hupoza ukali wa mwako, na mwako ukipoa, naitrojeni na oksijeni haziungani kwa wingi kufanya zile oksidi za naitrojeni zidhuruzo mapafu ya watu. Lakini moshi wa dizeli haurudi mikono mitupu. Huja na masizi, nayo hukutana katika manifoldi, yaani njia ya kuingizia hewa, na mvuke wa oili upandao kutoka tumboni mwa injini, yakafanya utando mzito unaokauka tabaka juu ya tabaka mpaka njia ikasonga na vali ipitishayo moshi huo ikashindwa kufunga. Foleni za Ngong Road huzidisha taabu, kwani injini itambaayo haipati joto la kutosha kuyaunguza masizi, na ni katika kazi nyepesi kama hiyo ndipo vali hufunguka zaidi.

Sheria ya Kenya huruhusu kuingizwa nchini gari lisilozidi umri wa miaka 8, kwa hiyo mtambo wa namna hii hufika Mombasa ukiwa umekwisha kula moshi wa miaka ya ugenini kabla haujaonja wa kwetu. Dizeli nayo ilisafishwa pale Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipoteremsha kiwango cha salfa hadi sehemu 50 katika milioni, mwaka 2015. Hatua njema, illa masizi hayakukoma.

Basi mwenye gari ana njia mbili. Ya kwanza ni kuosha: vali hufunguliwa, hurowekwa katika dawa ya kuyeyushia kaboni au, kwa asiye na fedha, katika petroli, kisha huchokolewa kwa brashi na bisibisi, na manifoldi ikiwa imejaa nayo hushushwa, gasketi mpya zikahitajika, na siku ikamalizika. Ya pili ni kuziba: kipande cha bati hukatwa kwa umbo la gasketi, kikatiwa kati ya vali na bomba, na gari likarejea barabarani kabla chai haijapoa. Yadhaniwa na wengi kuwa mteja huchagua bati kwa uchoyo wa kumlipa fundi. Mimi sioni hivyo. Ujira wa kuosha si kitu kikubwa ukilinganishwa na tageti, yaani fedha ambayo dereva na kondakta wamefungika kumkabidhi mwenye matatu kila jioni. Gari likilala gerejini mchana kutwa, tageti hupotea, na hasara hiyo ndiyo bei halisi ya kuosha.

Kisha bati lina hila yake. Moshi usiporudishwa injini hupata hewa tele, masizi hupungua, na mkia wa gari huonekana safi kuliko jana, hali oksidi za naitrojeni, ambazo aghalabu jicho halizitambui, zimeongezeka. Fundi husifiwa, mteja hufurahi, na askari atazamaye weusi wa moshi hana la kusema, ilhali dhara imehamishiwa kwa mama auzaye mboga kituoni, ambaye hakushirikishwa katika mapatano yale. Soko limempa tuzo aliyeharibu zaidi, wala hakuna mmoja kati yao aliyekusudia uovu. (Kuosha nako hakuna utakatifu mtupu: karai la petroli na masizi aghalabu humwagwa mtaroni, na mitaro ya Kibera huelekea mto Motoine.)

Dawa, kwa maoni yangu, ni kuuondoa muda katika hesabu. Vali iliyokwisha kuoshwa ikiwekwa tayari, fundi angeibadili kwa ile chafu kwa muda mfupi, akaiosha hiyo chafu kwa nafasi yake kwa ajili ya gari lijalo. Na vali kuukuu hupatikana Kirinyaga Road kwa wauzao vipuri. Kizuizi ni rasilimali, kwani kwa mtu alaye usiku alichokichuma mchana, vali iliyokaa rafuni ni fedha iliyolala. Lakini kanuni za mwaka 2014 zilikwisha kuwataka wenye matatu wajiunge katika sacco, yaani vyama vya ushirika, au kampuni zisizopungua magari 30, na sacco ambayo magari yake mengi ni Toyota HiAce zenye injini ya aina moja haihitaji zaidi ya vali tatu au nne za akiba, zinunuliwe kwa mchango wa wote na zikabidhiwe fundi mmoja kwa mkataba.